Hodi ya Tatu

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Mwalimu aliujua msemo huo tangu utotoni, na bado alikuwa amekibana kikohozi chake kifuani tangu wakati wa kupanda mpaka wakati wa kuvuna. Leo, mbele ya darasa la nne, kilimtoka kwa njia ambayo hakuitarajia.

Ilikuwa saa ya hesabu. Watoto walikuwa wamebanana wannewanne kwenye dawati, na waliokosa nafasi walikalia matofali yaliyopangwa kando ya ukuta. Ubao ulikuwa mweusi kweli siku hiyo, maana jana yake Mwalimu na wanafunzi wake waliusugua kwa mkaa uliotwangwa na majani mabichi, na vidole vyao vilikuwa bado na weusi. Akaandika: "Fundi ana kitambaa cha mita ishirini na nne. Kila sare inahitaji mita mbili. Je, Fundi atashona sare ngapi?"

Kicheko kilianzia nyuma kikaja mbele.

"Mnacheka nini?"

Msichana mmoja wa dawati la mbele, ambaye mdomo wake hauna breki, akanyoosha mkono. "Mwalimu, jana pia alikuwa Fundi."

"Na juzi Fundi alihesabu vifungo," akadakia mwingine.

"Kwani mkulima hana hesabu, Mwalimu?"

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu akageukia ubao upesi, uso ukimwaka, akafuta neno Fundi na kuandika Mkulima. Matokeo yake ni kwamba siku hiyo darasa la nne lilimpigia hesabu mkulima anayeshona sare, na watoto waliirudia hadithi hiyo hadi majumbani kwao.

Fundi mwenyewe, binti wa mwenye nyumba, alikuwa akishona sare hizo hizo barazani kwao, kwenye nyumba ambayo Mwalimu alikuwa akilala, akila na kuitwa mtoto. Hapo ndipo penye shida yote, kwa hiyo tuieleze vizuri.

Mwalimu alikuja shuleni hapo kwa kujitolea. Cheti alikuwa nacho, ajira hakuwa nayo, na posho aliyopewa ilitosha sabuni na mafuta ya taa. Wazazi wakambatiza Mwalimu wa Bure. Hawakuwa na ubaya, ila jina likishampata mtu huku huwa limempata. Mwenye nyumba aliyekubali kumpa chumba alikuwa mjane aliyekuwa akiitwa Mama Mwashi. Aliitwa hivyo kwa ajili ya mwanawe wa kwanza, mwashi hodari, aliyefariki kwa homa kabla hajamaliza kupiga lipu chumba chake mwenyewe. Tangu azikwe, watu walikuwa wakiona haya kumwita mama yake kwa jina hilo. Walimwita "yule mama," au walimsalimia tu bila jina.

Mwalimu akawekwa kwenye chumba hicho. Kuta tatu zilikuwa laini, wa nne ulikuwa matofali matupu, na Mama hakutaka mtu auguse. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe: siku ya tatu alipewa jembe kweli, akaenda kulima na mama na binti yake hadi viganja vikatoka malengelenge, na Fundi akamcheka mpaka akakaa chini. Kisha akaugua. Alitetemeka kitandani chini ya blanketi, haoni, hasikii, na kila alipofumbua macho alimkuta Mama akimkanda kwa kitambaa cha maji, akisema, "Kunywa, mwanangu. Kunywa, baba. Wewe huendi popote."

Mwalimu alifiwa na mama yake akiwa mdogo hata sura yake haikumbuki vizuri. Alilelewa kwa baba mdogo, nyumba yenye watoto wengi na maneno machache. Hakuna mtu aliyewahi kumwita "mwanangu" akiwa amemshika kichwa. Alilia, akasingizia homa.

Alipopona, Mama alimsogezea kigoda kilichokuwa mlangoni mwa jiko, ambacho hakikukaliwa tangu msiba. "Kalia hapa," alisema. Mwalimu akakalia. Jioni zote baada ya hapo alikaa hapo akisahihisha madaftari huku Mama akipika na kumsimulia umbea wa kisimani. Akina mama wakaona. Siku moja mmoja akapita nje akaita, "Mama Mwalimu, hujambo?" Mama akasimama na upawa mkononi, akaitikia kwa sauti ya msichana. Jina likawa limemrudia. Na alipomsikia mtu akisema Mwalimu wa Bure, alimjia juu: "Cha bure ni upepo. Mwanangu si upepo."

Sasa mtu wa namna hiyo utamwambiaje kwamba unampenda binti yake?

Jioni ya ile hesabu ya mkulima, Mwalimu alimkuta Fundi barazani, mguu kwenye pedali, midomo imebana pini. Kando yake palikuwa na rundo la kola nyeupe. Hakuinua uso.

"Nasikia mkulima ameacha jembe, ameanza kushona," alisema baada ya kutoa pini mdomoni.

"Watoto wana maneno."

"Watoto wana macho." Akakata uzi kwa meno, kisha akainua uso. Macho yao yakakutana, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kuyaondoa. Macho ya Fundi yalikuwa ya kucheka siku zote. Leo hayakucheka. "Jumapili anakuja mshenga wa mwenye duka. Ametuma salamu kwa Mama. Mama amesema aje tu, kusikiliza si kukubali."

"Na wewe umesemaje?"

"Mimi nani? Mimi nashona kola." Akaiweka kola chini ya sindano, akaitoa tena. "Mwenye duka si mtu mbaya. Ana nyumba ya bati, halewi, ananisalimia vizuri. Nikiulizwa kwa nini simtaki, nitasema nini? Niseme nampenda kaka yangu?"

"Mimi si kaka yako."

"Umechelewa kulisema. Mwaka mzima unaniita dada."

"Hata wewe uliniita kaka."

"Niliacha. Hukugundua?" Sauti yake ikapungua. "Tangu ile siku ya mvua, tulipokimbia na madaftari chini ya turubai moja. Tangu siku hiyo sijakuita kaka hata mara moja. Nakuita Mwalimu, na wewe bado unaniita dada kama mtu anayejifunga kamba mwenyewe."

Mwalimu alikuwa amegundua. Alikuwa akilala na kuamka na jambo hilo. Mkono wake ukaenda wenyewe mpaka kwenye ukingo wa cherehani, karibu na mkono wa Fundi, ukasimama hapo. Hawakugusana. Joto lake alilisikia hata hivyo.

"Nakupenda," alisema. "Nakupenda mpaka naona aibu kula chakula cha mama yako."

Fundi akafumba macho kidogo, kama mtu aliyetua mzigo. Alipoyafumbua yalikuwa na machozi.

"Basi kamwambie yeye," alisema. "Mimi tayari najua."

Mama alikuwa jikoni akichambua maharage kwenye ungo. Mwalimu akakaa kwenye kigoda chake, akainuka, akakaa tena.

"Una mchwa kwenye hicho kigoda?" aliuliza Mama.

"Mama, nina neno."

"Sema, baba."

"Mshenga akija Jumapili, naomba umwambie Fundi ana mtu."

"Nani?"

"Mimi, Mama." Vidole vya Mama vikasimama juu ya maharage. Nje, cherehani nayo ilikuwa kimya.

"Nimekosea kusikia," alisema Mama taratibu.

"Hujakosea. Nampenda. Hatujafanya lolote la kukuaibisha, Mungu ni shahidi wangu. Nataka kumuoa kwa heshima."

"Kwa heshima." Mama akaweka ungo chini. "Wewe umelala chumba cha mwanangu. Umekalia kiti cha mwanangu. Nimekufulia, nimekuuguza, nimewaambia majirani mchana kweupe kwamba Mungu amenifidia. Leo nikawaambie nini? Kwamba namuoza binti yangu kwa kaka yake?"

"Mama, mimi na yeye hatuna damu moja."

"Damu!" Alicheka kicheko kikavu. "Mimi nilikuuliza damu ulipokuwa unatetemeka kitandani?"

Mwalimu akainamisha kichwa.

"Nisikilize," akaendelea Mama, na sasa hasira ilikuwa imemtoka, ikabaki sauti ya uchovu. "Unadhani nakuona hufai? Ningepewa kuchagua kati ya vijana wote, ningekuchagua wewe nikiwa nimefumba macho. Lakini mkwe ni mkwe. Mkwe haketi jikoni na mama wa mkewe. Simkaripii, simtumi kuni, simwambii 'kunywa, baba.' Nitajitanda nguo nikimwona, naye ataniinamia. Wewe utapata mke, Fundi atapata mume. Mimi nitapata nini? Nitazika mwana mara ya pili, na safari hii nitatakiwa nipige vigelegele."

Hilo Mwalimu hakulitegemea. Alikuja na majibu ya kila pingamizi: umaskini, posho, ugeni wake. Kupendwa kupita kiasi hakukuwemo.

"Chagua," alisema Mama, akiuchukua ungo wake tena. "Ukibaki mwanangu, chakula kiko tayari. Ukitaka binti yangu, basi umenikosa mimi. Na mimi sijasema nitakupa."

Asubuhi yake Mwalimu alikunja godoro. Alilikung'uta blanketi, akalirudisha, maana halikuwa lake. Alisimama kitambo mbele ya ule ukuta wa matofali, akaugusa, akatoka na godoro kichwani. Mama alikuwa uani akifagia. Hakuinua kichwa, ila ufagio ulikwangua pale pale mpaka Mwalimu alipopotea njiani. Alitaka kuaga. Alijua akifungua mdomo atarudi ndani.

Mwalimu Mkuu, mzee mnene mwenye kucheka polepole, akampa chumba kilicho nyuma ya stoo ya shule, kati ya majembe na madawati yaliyovunjika. Hakumuuliza maswali, kwa kuwa alikuwa ameshajua yote. Mwalimu akaanza kujipikia. Siku ya kwanza aliunguza, siku ya pili alisahau chumvi, na baada ya hapo aliona heri viazi, maana viazi havina mambo mengi. Darasani alifundisha vizuri kuliko kawaida na bila kucheka hata kidogo. Watoto wakamwogopa. Hesabu za Fundi zikaisha ubaoni, na yule msichana wa mdomo usio na breki hakuthubutu kuuliza.

Fundi alikuja mara moja kuleta sare. Alizihesabu mbele ya Mwalimu Mkuu, na wakati wa kutoka akapita karibu na Mwalimu.

"Mshenga nimemrudisha mwenyewe," alisema bila kusimama. "Mama hakunigombeza. Hali chakula vizuri. Jana alipakua chakula sahani tatu."

Neno hilo la sahani tatu lilimchoma Mwalimu kuliko tusi.

Jioni hiyo alikwenda kwa Mwalimu Mkuu. "Muda wangu unaisha shule zikifungwa," alisema. "Nilitaka kuomba niongezewe. Sasa sijui. Siwezi kuishi hapa naiangalia nyumba ile kwa mbali kama mfungwa."

Mzee akavua miwani, akaifuta kwa tai. "Umeshakwenda kumwomba?"

"Nilimwambia jikoni."

"Ukiwa umekaa wapi?"

"Kwenye kigoda."

"Ndiyo kosa lako. Ulikwenda kumuomba binti yake ukiwa umekalia kiti cha mwanawe." Akavaa miwani tena. "Mtoto habishi hodi kwao. Wewe tangu ufike umeingia nyumba ile kama upepo. Kesho nenda kapige hodi mlangoni kama mtu baki. Nitakuwa mshenga wako, lakini sitaweza kuufungua mlango ambao hujaugonga mwenyewe. Na kumbuka, hodi ni tatu. Ya tatu isipojibiwa, geuka urudi, na usimlaumu mtu."

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Mwalimu alivaa shati alilopiga pasi kwa kuliweka chini ya godoro, akatembea ile njia aliyoizoea hata gizani. Fundi alikuwa barazani. Alipomwona, mguu ukasimama kwenye pedali. Mwalimu hakumsemesha, kwa kuwa mgeni husalimiana kwanza na mwenye nyumba. Mlango mkubwa ulikuwa umerudishwa. Hakuwahi kuutumia mlango ule. Yeye alizoea kuzunguka uani na kuingilia jikoni.

"Hodi!"

Ndani kulisikika kitu kikiwekwa chini. Kisha kimya.

Alingoja. Kuku akapita miguuni mwake. Fundi alikuwa ameishika kola moja kwa mikono miwili, ameikunja yote.

"Hodi humu ndani!"

Kimya. Safari hii hata kile kitu hakikusikika. Mwalimu akayakumbuka maji ya kitambaa yakimtiririka shingoni, na ile sauti, wewe huendi popote. Akawa na hakika kwamba Mama yuko pale nyuma ya mlango, na kwamba hatafungua, na kwamba ana haki. Alitamani kuacha hapo, asiitumie ile ya mwisho, ili ibaki. Akamtazama Fundi. Fundi akatikisa kichwa kukubali.

"Hodi," alisema kwa mara ya tatu.

Hakuna aliyejibu. Akangoja kadiri adabu inavyoruhusu, na zaidi kidogo. Kisha akageuka. Akapita rundo la kuni alilolipasua mwenyewe, akapita kamba ya nguo, akafika kwenye mwanya wa ua. Nyuma yake alimsikia Fundi akivuta pumzi kama mtu aliyechomwa sindano.

"Nani huyo?"

Sauti ilitoka ndani. Mwalimu akasimama.

"Nauliza nani? Mgeni gani anapiga hodi halafu anakimbia kama mwizi wa kuku?"

"Ni mimi," alisema, akirudi karibu mbio. Kisha akajirekebisha. "Ni mgeni, Mama."

Mlango ukafunguka. Mama alikuwa amevaa kitenge chake cha kutokea, kile kilichokaa sandukuni, amejitanda hadi kwenye paji la uso. Mikunjo ya sandukuni bado ilionekana.

"Nilikuwa navaa," alisema. "Mgeni hapokelewi na nguo za jikoni."

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Karibu, mgeni."

Mwalimu akaingia, na miguu kwa mazoea ikaelekea kule kwenye kigoda.

"Huko hapana," alisema Mama upesi. "Huko si kwa wageni." Akamwonyesha kiti cha sebuleni, chenye kitambaa kilichofumwa, ambacho Mwalimu hakuwahi kukikalia. Akakaa ukingoni. Mama akakaa mbali naye, upande wa pili, akatazama sakafu.

"Nyumba hii ilikuwa na kijana," alisema. "Mwalimu. Aliondoka na godoro lake kichwani, hakuniaga. Kama utaonana naye njiani, mwambie mama yake hana kinyongo."

"Nitamwambia."

"Mwambie alikuwa mtoto mzuri."

Mwalimu akaitikia kwa kichwa.

"Haya. Na wewe, mgeni, umekuja kutaka nini kwangu?"

"Nimekuja kuomba mke, Mama. Binti yako."

Barazani cherehani haikulia. Mama akaivuta ile nguo vizuri kichwani.

"Neno kama hilo halisemwi na kijana peke yake," alisema. "Kesho mlete mzee wako. Aje mchana, nitakuwa nimepika." Kisha akapaza sauti: "Fundi! Mletee mgeni maji ya kunywa."

Akainuka, akaenda jikoni, akaurudisha mlango nyuma yake. Fundi akaingia na glasi juu ya sahani, kama anavyopewa mtu wa kuheshimiwa. Alikuwa akilia na kutabasamu, na hakujua afanye lipi kwanza. Mwalimu alikuwa akiipokea glasi ile ndipo kilio kilipoanza kule jikoni. Mama alikuwa ameziba mdomo kwa nguo, lakini kilisikika.

Mwalimu akanyanyuka. Wiki iliyopita tu angekwenda akachuchumaa pale mbele yake, akamshika mikono, akamwambia neno la kipuuzi la kumchekesha. Hatua moja alikuwa ameshaipiga.

"Kaa," alinong'ona Fundi, akimwekea kiganja kifuani. "Mgeni haingii jikoni."

Mwalimu akakaa. Aliyanywa maji yote, polepole, na hakumwangalia Fundi usoni mpaka kule jikoni kuliponyamaza.